Kutoka Mwembe Tayari hadi Mkomani

Basi la Lamu tulilipandia Mwembe Tayari, Mombasa, alfajiri, na hata saa hiyo zogo lilikuwa limeshapamba moto. Makanga anagombana na abiria juu ya gunia la vitunguu, honi hazikomi, watu wazima wanasukumana mlangoni ilhali kila mmoja ana tiketi yenye nambari ya kiti. Ukiwatazama utadhani wana visa vya siku nyingi.

Baada ya Kilifi roho zilitulia. Mama niliyekaa naye alinisimulia harusi ya bintiye mpaka tukapita Malindi, akanipa na mabuyu.

Tulipovuka Mto Tana pale Garsen, basi zima likanyamaza. Hakuna aliyetangaza lolote. Mama akatoa tasbihi.

"Mama, mbona kimya?"

"Ngoja tufike Mokowe, mwanangu. Tutazungumza."

Pande zote mbili ni vichaka, na kila msafiri wa njia hii anakumbuka Juni 2014, watu zaidi ya 60 walipouawa huko Mpeketoni na katika vijiji vya jirani. Siku hizi barabara ni ya lami, safi kabisa, lakini lami haijawaondolea watu hofu. Kwenye kizuizi tulishuka sote, vitambulisho mkononi, tukapanga mstari bila kusukumana. Makanga yule yule wa gunia la vitunguu alimshika mzee mmoja mkono, akamteremsha ngazi polepole, akambebea na mfuko wake. Nilimtazama sana. Tabia yake haikuwa imebadilika kwa saa chache. Ni mahali tu palikuwa pamebadilika.

Mokowe tukapanda boti, na upepo wa bahari ulipotupiga, mama akaendelea na harusi pale pale alipoachia.

Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, kwa hiyo vyumba ni vyembamba na virefu. Vichochoro navyo ni vyembamba: punda mwenye mzigo akija, unajibanza ukutani. Hata Usita wa Mui, njia kuu yenye maduka, huwezi kupishana na mtu ukajifanya hukumwona. Mabega yanakaribia kugusana, basi salamu inatoka yenyewe. Siku ya pili nilikuwa nasalimia watu nisiowajua, jambo ambalo Nairobi silifanyi hata kwa jirani wa mlango wa pili.

Wengine husema watu wa Lamu ni wapole kwa asili. Mimi siamini. Naamini waliojenga daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti vya mawe kulia na kushoto, walijua wanachofanya: mgeni anakaribishwa akae kabla ya kuingia ndani. Sisi bara tunajenga geti la chuma na kuta zenye vigae vya chupa, halafu tunashangaa kwamba majirani hawajuani.

Huko Mkomani, mtaa wa mji huo wa kale, mzee mmoja alinikaribisha dakani kwake, kahawa ikaletwa. Nilimwamkia, akaitikia, kisha swali lake la kwanza likawa barabara ikoje. Nikamweleza ule ukaguzi. Akasema wajukuu zake walioko Mombasa walikuwa wakija kila Maulidi. Sasa mama yao huwakataza kupanda basi, na nauli ya ndege hana.