Wanafunzi wangu, feri ya Likoni na deni la majibu

Kila nikipewa darasa la mbinu za utafiti wa sosholojia nawaambia mapema, hapa ukumbini tutakaa wiki chache tu halafu tunatoka. Wengine ni wa hapa hapa Mombasa, Kisauni, Changamwe, Likoni, wengine wametoka bara na mji bado hawajauzoea, lakini wote wanafika mwaka wa tatu Durkheim na Weber, wale waasisi wa sosholojia, wako kichwani, anomi, yaani hali ya jamii kukosa kanuni za kuiongoza, atakuandikia kurasa nne bila kupumua, na hajawahi hata kumuuliza kijana wa mkokoteni pale soko la Kongowea usiku analala wapi. Siwalaumu, mtihani ndio unavyotaka.

Kazi ya kwanza ni feri. Mwenda kwa miguu Likoni havuki kwa pesa kwa hivyo nauli haiwi kisingizio, mwanafunzi avuke asubuhi watu wakikimbilia kazini, arudi, avuke tena jioni. Hakuna hojaji, hakuna kurekodi, ni macho na masikio tu. Nani anakimbilia mbele mlango ukishuka na nani anangoja, mama mwenye mzigo anapishwa na nani, watu wanaoonana kila siku wanasalimianaje. Akifika nyumbani aandike usiku huo huo, akingoja kesho nusu imeshapotea.

Na nikiletewa yale maandishi nayasoma yote, mstari kwa mstari. Mtu ameandika "abiria walikuwa na wasiwasi", namuuliza umejuaje? Walifanya nini, walisema nini, au ni wewe ulikuwa na wasiwasi? Tunakaa wawili na daftari lake mpaka aweze kutenga alichokiona na alichokidhania. Mimi kwangu kufundisha ni hapo, na nikipata mwanafunzi ambaye daftari lake la wiki ya tatu limeanza kujiuliza maswali lenyewe, nafurahi siku nzima.

Nawasimulia pia habari za Du Bois, mwanasosholojia Mmarekani mweusi, maana wanadhani mambo haya ya kutembea mitaani ni ya watu wa enjio (NGO). Mwaka 1896, akiwa na miaka 28, alihamia na mkewe mtaa wa Seventh Ward kule Philadelphia, akapiga hodi nyumba kwa nyumba yeye mwenyewe, na kitabu kikatoka 1899. Wakisikia umri wake wanakaa sawa kwenye viti.

Sasa kuna jambo nalishikilia sana, na hata wenzangu wengine kazini wananiona nasumbua. Kibali cha NACOSTI, ile tume ya taifa inayoruhusu utafiti, tunafuata, ridhaa ya watu tunaomba, majina hatuandiki, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 ipo na wanaisoma. Sawa. Lakini ripoti ikishapigwa jalada inaenda kabatini, na yule mama aliyekatiza biashara yake akajibu maswali saa nzima hasikii tena kitu. Watu wa mji huu wamechoka kuulizwa. Ukienda mtaani na faili mkononi utaambiwa wazi wazi, nyie mwaja, mwaandika, mwenda zenu. Wanasema kweli, na anayelipa ni mwanafunzi wa mwaka ujao, atafungiwa mlango kwa sababu ya aliyemtangulia.

Kwa hivyo darasani kwangu kurudisha majibu kuna alama zake. Kundi moja lilifanya utafiti wa vyama vya kina mama wauza mboga Kongowea, wakaandika vizuri tu kwamba zamu ya kupokea pesa inapangwa kwa kura. Waliporudi kuwasomea kwa Kiswahili, hapo hapo sokoni jioni biashara ikiwa imepoa, kina mama wakawakatiza. Kura ipo ndio, lakini mgeni hapewi zamu ya mwanzo, anawekwa mwisho mpaka ajulikane maana akichukua mapema akapotea hasara ni ya wote, na Januari mwenye mtoto wa kurudi shule anaweza kubadilishana na mwenzake, wanaelewana wenyewe. Haya yote hayakutoka kwenye intavyuu hata moja. Yalitoka kwa sababu wenyewe walisikia habari zao zinasomwa kombo na wakataka kuzinyoosha. Wanafunzi wakaandika upya sura nzima, na ile ya pili ndiyo ninayowaonyesha wanaokuja, kila ukurasa unamwona mtu anayeamini na anayeogopa kumwamini mwenzake, na sababu zake.

Naomba sana walimu wenzangu wa Pwani tulifanye hili liwe kawaida, hata kama idara haijaliandika popote. Halitaki bajeti, linataka mchana mmoja na heshima.

Semista hii kuna kundi linaenda soko la Marikiti kwa wauza viungo. Nimewaambia watafute kwanza siku ya kurudi na majibu, waitaje kwa wenyeji siku ile ile wanayoomba ruhusa, kabla hawajauliza swali lolote.