ciRS-7 iko kwenye seli ipi?

Wiki hii nimeshinda na makala moja ya 2020 kutoka Aarhus, Denmark, na bado inanifikirisha. Inahusu ciRS-7, RNA (molekuli inayonakiliwa kutoka kwenye jeni) ya duara ambayo nimeisoma mara nyingi ikitajwa kuwa mchochezi wa saratani.

RNA za kawaida zina ncha mbili, na vimeng'enya vingi huzila kuanzia huko nchani. Ya duara haina ncha, kwa hiyo hudumu. ciRS-7 ina sehemu zaidi ya 70 za kunasa miR-7, RNA ndogo inayodhibiti jeni, zikiwamo zinazochochea seli kugawanyika. Timu za Aarhus na Berlin zilipoeleza unasaji huo mwaka 2013, wengi walishawishika haraka: duara linafyonza miR-7 kama sifongo, jeni zinakosa wa kuzidhibiti, uvimbe unakua.

Tatizo ni kwamba vipimo vingi husaga kipande kizima cha uvimbe na kutoa RNA yote kwa pamoja. Uvimbe nao si seli za saratani tupu. Mna mishipa ya damu, seli za kinga, na tishu inayoshikilia vyote hivyo. Wale wa Aarhus, mtafiti Jørgen Kjems akiwamo kama ilivyokuwa 2013, walikata tishu ya utumbo mpana vipande vyembamba, wakaitia ciRS-7 alama, wakaangalia kwa hadubini. Ndani ya seli za saratani haikuwamo. Ilijaa kwenye seli za tishu inayozizunguka.

Nawaheshimu mno. Hoja ya sifongo ilitoka kwao, na wao wenyewe ndio walioirudia kuichunguza.

Siku hizi macho yamehamia kwenye m6A, alama ya methili inayobandikwa juu ya RNA, iliyojulikana tangu 1974. Mwaka 2019 iliripotiwa kwamba alama hiyo huisaidia circNSUN2, RNA nyingine ya duara, kutoka kwenye kiini cha seli, kisha duara hilo huchangia saratani ya utumbo mpana kusambaa hadi kwenye ini. Mwaka 2021, dawa ya majaribio inayozuia METTL3, kimeng'enya kinachobandika m6A, ilipunguza makali ya leukemia, saratani ya damu, kwa panya. Hilo linanipa matumaini ya kweli, maana waligusa kimeng'enya chenyewe na ugonjwa ukarudi nyuma.

Kuhusu maduara, hata yale yenye majina makubwa, sasa natafuta kwanza picha ya hadubini. Jedwali la vipimo vya tishu iliyosagwa haliniambii duara limetoka kwenye seli ipi.