Utu wa baba, na utu wa anayemuuguza

Binti tuliyemwajiri amuuguze baba hamgusi kabla ya kumwambia. "Baba, sasa nakugeuza upande wa ukutani." Husubiri afumbe macho na kuyafumbua, maana tangu apate kiharusi hilo ndilo jibu lake la kukubali, ndipo apitishe mkono chini ya bega. Akimwogesha hufunua sehemu anayoiosha tu; kwingine kote shuka linabaki. Mlango huufunga hata kama hakuna mwingine nyumbani. Sisi hatukumfundisha hayo.

Siku hizi nasoma Dignitas Infinita, tamko lililotolewa na Dikasteri ya Mafundisho ya Imani, ofisi ya Vatikano inayosimamia mafundisho ya Kanisa Katoliki, mwezi Aprili 2024, na sehemu niliyokaa nayo muda mrefu ni ile inayopambanua maana nne za hadhi ya binadamu. Ipo ya kimaadili, ambayo mtu huichafua kwa matendo yake. Ipo ya kijamii, inayobanwa na umaskini na mazingira yasiyomfaa mtu. Ipo ile inayohusu maisha anavyoyaonja mwenyewe, pale ugonjwa au kukata tamaa kunapomfanya ajione hana maana. Na chini ya zote ipo aliyo nayo kwa sababu tu yupo, ameumbwa na kupendwa na Mungu. Hiyo haiongezwi wala haipunguzwi, na kiharusi hakiifikii. Nilipata kuyasikia hayo kwenye mahubiri mengi. Sasa nayaona kwa binti mwenye kitambaa cha kuogeshea mkononi, anayemwomba ruhusa mtu asiyeweza kumzuia.

Juzi tulikaa kikao cha familia. Mengi yalipita upesi: dawa, daktari, godoro jipya la kuzuia vidonda. Tulikwama kwenye siku ya mapumziko ya binti huyu. Mmoja wetu alisema hana haja ya mkataba wala siku maalumu, kwa kuwa "huyu ni kama mtoto wetu." Mwingine akaongeza kwamba masharti aliyakubali mwenyewe, hakulazimishwa.

Hoja ya kwanza ilitamkwa kwa upendo, najua. Lakini mtoto wa nyumbani anaweza kusema leo nimechoka, akaenda kulala, na asiogope kitu. Mtoto hurithi. Mtoto akiugua, hakuna anayetafuta wa kushika nafasi yake. Tukimwita mtu mtoto wetu pale tu tunapotaka afanye kazi bila kuhesabu saa, tunamnyima yote mawili: haki za mfanyakazi na raha ya kuwa mwana. Naamini upendo wa kweli kwa mtu anayetufanyia kazi huanza na kumpa kilicho chake. Zawadi zifuate baadaye.

Hoja ya pili ilijibiwa zamani sana. Tarehe 15 Mei 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII alitoa waraka wa Rerum Novarum, na humo alisema wazi kwamba makubaliano peke yake hayatoshi kuufanya ujira kuwa wa haki. Ikiwa mtu anakubali masharti magumu kwa sababu ya shida, au kwa kuogopa jambo baya zaidi, basi ameshurutishwa na kudhulumiwa, hata kama alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa akiwatetea wafanyakazi wa zama za viwanda, lakini mtu anayelala chumba cha pili akisikiliza kama mgonjwa anakohoa yumo kabisa ndani ya maneno yale. Binti huyu alikubali, ndiyo. Alikuwa na njia gani nyingine?

Niliwasomea pia amri ya Sabato kutoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 5. Huwa tunaikumbuka kama amri ya kwenda kusali. Lakini pale imeandikwa kwamba mtumwa na mjakazi nao wapumzike, sawasawa na bwana wao, na sababu inatolewa hapo hapo: kumbuka nawe ulikuwa mtumwa Misri. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kitabu cha mafundisho ya imani yetu, namba 1867, inapotaja dhambi zinazomlilia Mungu, inaweka kumdhulumu mfanyakazi wa ujira katika orodha ile ile yenye damu ya Abeli. Uzito huo hunishtua kila ninapousoma, na nadhani ni vizuri unishtue.

Kuna jambo moja kuhusu Baba Mtakatifu Yohane Paulo II ambalo sikulisema kikaoni, nalisema hapa. Waraka wake juu ya kazi, Laborem Exercens, aliutayarisha utoke tarehe 15 Mei 1981, miaka 90 kamili baada ya ule wa Leo XIII. Tarehe 13 alipigwa risasi. Aliukamilisha baada ya kukaa hospitalini, na ukatoka tarehe 14 Septemba. Yeye aliyewahi kufanya kazi kwenye machimbo ya mawe na kiwanda cha kemikali wakati wa vita alikuwa ametoka kuhudumiwa na mikono ya watu wengine. Humo ameandika kwamba thamani ya kazi haitokani kwanza na aina ya kazi, bali na ukweli kwamba anayeifanya ni mtu. Kumsafisha mgonjwa ni kazi ambayo wengi wetu tungeikwepa. Kwa kipimo chake, haipo chini ya kazi yoyote.

Basi tuliandika mkataba: mshahara, tarehe ya kulipwa, saa za kazi, likizo yenye malipo, na Jumapili nzima ya mapumziko. Kabla ya kutia sahihi nilipendekeza aitwe ausome, aseme lake. Wapo walioona tunarefusha mambo. Lakini Mafundisho Jamii ya Kanisa yana kanuni ya auni, iliyoelezwa vizuri na Baba Mtakatifu Pio XI mwaka 1931, kwamba walio juu wasiwapokonye walio chini yale wanayoweza kuyaamua na kuyafanya wenyewe. Siku yake ya mapumziko ni jambo la namna hiyo.

Aliusoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Kisha akauliza kama mapumziko yanaweza kuanza Jumamosi jioni, maana kwao ni mbali, na akiondoka Jumapili asubuhi anafika wakati wa kurudi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewaza umbali wa kwao. Tukabadilisha palepale, na ndugu wote tumepangiana zamu.

Limebaki suala la akiba yake ya uzeeni. Kaka mkubwa anasema tulitazame mwakani, hali ya fedha ikitulia. Mimi naona lisisubiri, kwa kuwa mgongo anaoutumia kumwinua baba anautumia mwaka huu. Nimemwomba kaka tulizungumze wiki ijayo, na amekubali.