Bega la Baba

Baba ni fundi wa magari pale Grogan, Kirinyaga Road. Miaka thelathini amelala chini ya magari ya watu, kwa hiyo bega la kulia lilipoanza kumuuma hakuna aliyeshtuka. "Mama, hili ni la giaboksi," aliniambia, nami nikawa namkanda kila jioni. Nani angefikiria utumbo?

Utumbo mpana alikatwa miaka miwili nyuma, uvimbe wa saratani ukatolewa. Tangu hapo kila kliniki ni ini na mapafu, na kuna sababu: damu itokayo utumboni hupitia ini kwanza, ndiyo maana saratani hii mara nyingi huhamia huko, kisha mapafuni. Picha ya CT ya Baba ilionyesha vyote viwili safi. Lakini kipimo cha damu cha CEA, kile kinachofuatilia kama saratani imerudi, kilizidi kupanda, daktari akasema basi kuna mahali hatujaangalia. Akamwandikia skani ya PET.

Masharti yalikuwa mawili: asile kwa saa sita, na asifanye kazi nzito tangu jana yake. Hilo la pili ndilo lililonitesa. Ilibidi nifiche funguo za gereji. Anachodungwa mtu ni sukari iliyotiwa florini yenye mionzi. Seli za saratani ni walafi wa sukari, huifyonza, na mashine huona zilikojificha. Baada ya sindano unakaa kitini saa nzima, kimya. Nesi akamkuta anatafuna jojo. "Mzee, toa hiyo. Taya ikifanya kazi nayo itawaka." Akaitoa, akaibandika kwenye risiti niliyoshika.

Ndani ya mashine mikono huinuliwa juu ya kichwa. Wa kushoto ulikwenda. Wa kulia, alinisimulia, ulifika sikioni ukagoma.

Kurudi Umoja tulilipa teksi, maana siku hiyo hakutakiwa kukaa karibu na wajawazito wala watoto, na matatu unaijua. Mionzi ile hupungua nusu kila baada ya dakika 110 hivi. Alikaa nyuma peke yake kama mheshimiwa.

Picha ilipofunguliwa nilikaribia kulia: kichwa kizima kinawaka, kibofu kinawaka! Daktari akanituliza. Ubongo hula sukari siku zote, na dawa hutoka kwa mkojo. Kisha akaweka kalamu kwenye kombe la bega la kulia. Doa moja, kama punje ya haragwe.

Si kawaida, alisema, saratani ya utumbo kuruka ini na mapafu ikatua mfupani peke yake. Hata hivyo hakuiita saratani siku hiyo. Jeraha au maambukizi nayo huwaka, na fundi hakosi majeraha. Wakachomoa kipande cha mfupa kwa sindano. Maabara ikajibu: seli za utumbo.

Baba aliangalia lile doa kwa muda mrefu.

"Kumbe giaboksi tumeisingizia."