Kadi ya mkopo naitumia kama daftari la dukani

Ninauza taa za kuvulia, betri za sola na vipuri vya injini za boti hapa Kigoma. Wateja wangu wengi ni wa mialo ya Kibirizi na Katonga. Mzigo mkubwa nalipia kwa simu, lakini chaja na pampu za maji za injini naziagiza nje, na huko wanataka kadi. Huu mwaka wa tatu natumia kadi ya mkopo na sijalipa riba hata shilingi.

Kadi ya ATM inakata pesa uliyonayo. Kadi ya mkopo inakulipia, nawe unarudisha kidogo kidogo pamoja na riba. Ipo aina nyingine ambayo huku haionekani sana: unanunua mwezi mzima, stetimenti (taarifa ya manunuzi na deni la mwezi) ikitoka unalipa yote, hakuna kubakiza. Tena ndiyo ya zamani. Diners Club waliianza New York mwaka 1950, kadi ya karatasi ngumu ya kulipia chakula mgahawani, na American Express wakaja na yao mwaka 1958. Kampuni hapo haiishi kwa riba yako, inaishi kwa ada ya mwaka na asilimia anayokatwa mwenye duka. Ukichelewa unapigwa faini, ukizidi kuchelewa kadi inafungwa. Kwetu hilo si geni, ni daftari la dukani: unachukua sukari na mafuta, Mangi anaandika, mwisho wa mwezi anapiga mstari kwenye ukurasa mzima. Ukibakiza, hupewi tena.

Kadi ya namna hiyo sina. Nina kadi ya mkopo ya kawaida, nikaibana ifuate sheria hiyo.

Kazi inaanzia kwenye fomu. Kuna sehemu ya makato ya moja kwa moja, yaani benki inakata malipo yenyewe kwenye akaunti yako; unachagua ikate kiwango cha chini cha kulipa au deni lote. Usimwachie karani akuwekee tiki; weka mwenyewe kwenye deni lote. Ukichagua cha chini, tuseme deni ni 600,000, riba asilimia 3 kwa mwezi, kiwango cha chini asilimia 10. Riba inaongeza 18,000, deni linakuwa 618,000, unalipa 61,800. Deni la mwanzo limepungua 43,800 tu. Na usidhani ukilipa 590,000 umeokoka. Mikataba mingi inasema usipomaliza yote, riba inahesabiwa kwenye kiasi chote tangu siku ya kununua, wala si kwenye ile 10,000 iliyobaki. Soma kifungu hicho kabla ya kusaini.

Halafu tarehe. Stetimenti yangu inafungwa tarehe 25 na mwisho wa kulipa ni tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Nikinunua 24 Machi, nalipa 15 Aprili, siku 22. Nikisubiri hadi 26 Machi, nalipa 15 Mei, siku 50. Bidhaa ni ile ile, bei ni ile ile.

Kwa sisi tunaotegemea dagaa kuna jambo ambalo afisa wa benki hatakwambia. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, boti zinapumzika na duka linapoa. Pesa yetu inafuata mwezi wa angani, wenye siku 29 na nusu, lakini benki inafuata kalenda. Kwa hiyo giza linarudi nyuma karibu siku moja kila mwezi. Tarehe 15 inayoangukia katikati ya giza leo, baada ya miezi 16 hivi itaangukia mbalamwezi pevu, duka halina kitu. Dawa yake ni kutolipia kitu kwa kadi kama pesa yake haipo tayari. Siku ninayonunua, siku hiyo hiyo nahamisha shilingi zake kwenye akaunti ya pembeni ambayo siigusi. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, manunuzi ya mwisho niliyafanya kabla ya 25 Aprili. Deni lake liliiva 15 Mei, siku ile ile ya kufunga. Baada ya hapo kadi ililala.

Kwenye akaunti ya pembeni naweka asilimia 5 zaidi, na sababu ni dola. Kiwango cha kubadilisha dola kinachotumika ni cha siku muamala unapoingizwa benki, mara nyingi siku mbili tatu baadaye. Chukua pampu ya dola 84. Siku ya kununua kiwango ni 2,600, unahesabu 218,400. Inaingizwa kwa 2,640, ni 221,760, na ada ya muamala wa nje ya asilimia 2 inaongeza 4,435. Jumla 226,195. Niliyotenga ni 229,320, inatosha.

Hata mwenye makato ya moja kwa moja asilale. Natia pesa kwenye akaunti inayokatwa siku 3 za kazi kabla ya tarehe ya kulipa, kwa sababu inayowekwa Jumamosi inaweza kusomeka Jumatatu. Wanaolipa wenyewe kwa simu wanakosea zaidi kwenye namba: wanatuma kwenye akaunti yao ya kawaida badala ya akaunti ya kadi. Pesa inakaa pale salama, huku kadi inahesabiwa imechelewa. Uliza namba ya kulipia deni la kadi, iandike, jaribu kwanza na 5,000.

Usitoe pesa taslimu ATM kwa kadi ya mkopo. Zile siku 50 hazihusiki hapo, riba inaanza siku hiyo hiyo, na ada juu yake.

Na muuzaji akikurudishia pesa, usiipunguze kwenye malipo yako mpaka uione imeandikwa kwenye stetimenti. Inaweza kuchukua wiki, na inarudi kwa kiwango cha dola cha siku inayorudi. Lipa deni lote lililoandikwa. Hiyo ya kurudishiwa itapunguza deni la mwezi unaofuata.