Kanda za Grateful Dead na Sharti la Kutouza

Kundi la muziki wa roki la Grateful Dead lilianzishwa California mwaka 1965 na likaacha kupiga chini ya jina hilo mwaka 1995, baada ya kifo cha mpiga gitaa wake, Jerry Garcia. Katika miaka hiyo 30 lilifanya maonyesho zaidi ya 2,300, na mengi kati yake yanasikilizwa hadi leo kwa sababu mashabiki waliyarekodi, wakayanakili na kupeana wao kwa wao. Nimezisikiliza kanda hizi kwa muda mrefu, na ninaamini kwamba kilichozihifadhi kuliko kitu kingine chochote ni sharti moja walilolishika kwa uaminifu mkubwa: kanda haiuzwi.

Haja ya kurekodi ilitokana na muziki wenyewe. Kundi hili halikurudia orodha ileile ya nyimbo kila usiku, na wimbo uliomalizika kwa dakika chache jana ungeweza leo kurefuka, kugeuka mwendo, kisha kuingia ndani ya wimbo mwingine bila kusimama. Aliyehudhuria onyesho moja alijua kwamba lililofuata lingekuwa jambo jingine kabisa. Wachuuzi nao waliliona hilo, wakawa wanachapa santuri za magendo na kuziuza bila ridhaa ya wanamuziki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Les Kippel wa New York alianzisha utaratibu wa kubadilishana kanda bure, na tangu hapo kupeana bila fedha kukawa njia ya kuwanyima soko wachuuzi hao.

Ubadilishanaji ulipitia posta. Mtu alituma orodha ya kanda zake, mwenzake akachagua, kisha kila mmoja akamrekodia mwingine. Mgeni asiye na kanda yoyote alituma kaseti tupu pamoja na bahasha yenye stempu za kurudishia, na mwenye kanda akamnakilia bila kumtoza hata senti. Kazi hiyo ilifanywa kwa mashine mbili za kaseti zilizounganishwa kwa waya, mara nyingi kwa mwendo wa kawaida wa muziki ili sauti isiharibike, kwa hiyo onyesho la saa tatu lilidai saa tatu za mtu aliyekaa karibu, akiiangalia dakika ya 45 inavyokaribia ili aigeuze kaseti wimbo usije ukakatika katikati. Kwenye karatasi ya kasha aliandika tarehe, mji, ukumbi, nyimbo kwa mpangilio wake, chanzo cha sauti (maikrofoni za shabiki au meza ya fundi sauti inayochanganya sauti za jukwaani), na kizazi cha nakala, yaani imenakiliwa mara ngapi tangu kanda ya asili. Kizazi kilikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu kila nakala ya kaseti huongeza mvumo na kufifisha mlio wa matoazi, hata nakala ya tano ya onyesho zuri ikasikika kana kwamba bendi inapiga nyuma ya ukuta. Kwangu mimi maandishi hayo yana thamani sawa na sauti yenyewe; bila hayo tungekuwa na shehena ya kaseti zisizojulikana zilikotoka.

Kundi lenyewe halikuwa adui wa jambo hili. Garcia alishikilia kwamba wakishamaliza kupiga, muziki huo ni wa wasikilizaji. Kero ilikuwa milingoti ya maikrofoni iliyowaziba watazamaji wengine, na mwezi Oktoba 1984, katika maonyesho ya Berkeley, wanaorekodi walitengewa rasmi eneo lao nyuma ya meza ya fundi sauti.

Kanda inayotajwa kuliko zote ni ya tarehe 8 Mei 1977, iliyorekodiwa Barton Hall, katika Chuo Kikuu cha Cornell mjini Ithaca. Aliyeirekodi kutoka mezani ni Betty Cantor-Jackson, fundi sauti wa kundi, ambaye naona anastahili heshima sawa na wapigaji wenyewe. Kanda zake nyingi za asili ziliuzwa mnadani katika miaka ya 1980 zikiwa ghalani, zikawafikia watu waliozikarabati na kuzisambaza. Rekodi ya Barton Hall iliingizwa katika orodha ya rekodi za taifa ya Maktaba ya Bunge la Marekani kwa mwaka 2011, ilhali toleo rasmi la kuuzwa madukani lilitoka mwaka 2017, wakati mashabiki walikuwa wameshaizoea kwa miaka mingi.

Siku hizi nafasi ya posta imechukuliwa na Internet Archive, maktaba ya mtandaoni yenye zaidi ya rekodi 10,000 za kundi hili. Mwezi Novemba 2005 upakuaji ulisimamishwa, mashabiki wakalalamika kwa nguvu, na muda si mrefu rekodi za maikrofoni zao zikarudishwa, huku zile za mezani zikibaki za kusikilizwa tu. Najua wengi waliumia, lakini nauona mpaka huo kuwa wa haki, kwa kuwa ruhusa ya tangu zamani ilihusu maikrofoni za shabiki, si waya wa fundi.

Anayetaka kuanza ausikilize usiku huo wa Ithaca kwa namna zote mbili. Kanda ya Betty inaipa kila ala mahali pake. Kanda za mashabiki zina ukumbi wenyewe, mwangwi wake, na vifijo vya watu wanapotambua, kabla ya neno la kwanza kuimbwa, ni wimbo gani unaokuja.