Mombasa Road kwa mwendo wa pole: kutafuta vituo vya zamani

Siku hizi mtu wa Mombasa akitaka Nairobi anapanda treni ya SGR, ile ilianza kubeba abiria 2017, ama anachukua basi la usiku anasinzia Mariakani kuja kushtuka yuko Mlolongo, na kilomita karibu 480 zote zimepita bila kuona kitu. Mimi nlitaka kuiona. Kwa hivo nlimuomba babu, ndugu yake babu mzaa mama, ambaye alianza kama taniboi wa lori enzi za vumbi jekundu, twende pamoja mchana, polepole, anionyeshe pale watu walikua wanasimama zamani, wakati gari ikitoka Mombasa hakuna anayejua italala wapi.

Hata mizani ya Mariakani hatujaifika akaniambia, "Mjukuu wangu, usitafute hoteli. Tafuta maji."

Na kweli hiyo ndo siri ya barabara yote. Misafara ya miguu ilisimama penye maji, reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa 1896 stesheni zikawekwa hapo hapo manake injini za mvuke zinakunywa kweli kweli, alafu magari yakaja, redieta inachemka, dereva naye akasimama palepale. Pasipo na maji watu walipita mbio. Jangwa la Taru ndo lilikua balaa, wajenzi wa reli wakawa wanaletewa maji kwa treni kutoka nyuma.

Mackinnon Road tulisimama, huwezi kupita. Jina ni la William Mackinnon wa ile kampuni ya Waingereza ya IBEA, iliyotaka njia ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka pwani mpaka mpakani na Uganda. Baada ya Vita vya Pili jeshi la Uingereza likajenga hapa ghala kubwa kupindukia, likaliacha, na wakati wa Mau Mau pakawa kambi ya kufungia watu. Lakini madereva hawasimami kwa ajili ya hayo. Wanasimama kwa Seyyid Baghali, msikiti wenye kaburi kando ya reli. Wanasimulia kwamba alikua msimamizi wa vibarua wa reli na karai la zege likimuelea juu ya kichwa bila kumgusa. Babu alivua viatu, akaomba dua, akatia sadaka, tukaondoka. Anasema hajawahi kupita hapa bila kusimama tangu awe na lori lake mwenyewe, na mimi namuamini.

Voi tulijaza mafuta tu. Tsavo tulisimama darajani, na ile story ya simba waliokula vibarua wa reli 1898 kila mtu anaijua, injinia wa daraja, Patterson, aliwaua Disemba mwaka huo na sasa wako makumbusho ya Chicago. Kinachoniuma ni kwamba simba wanajulikana dunia nzima lakini ukiuliza jina la kibarua hata mmoja aliyeliwa watu wananyamaza.

Mtito Andei ni nusu ya safari, na zamani hapa ndo watu walilala. Wazee wanapataja Mac's Inn, baadaye Tsavo Inn. Mbuga ya Tsavo ilipotengwa 1948 wageni wakaanza kuingilia hapa, na wale wasio na pesa za loji wakawa wanalala kwenye mabanda ya Kitani na Ngulia, unakuja na unga wako, nyama yako, unapika mwenyewe alafu usiku unasikiliza fisi. Kwangu mimi hiyo ndo ilikua utalii wa maana kuliko hizi buffet, familia ya kawaida iliweza.

Makindu ndo sitaisahau. Gurudwara, hekalu la Masingasinga, imekua hapa tangu 1926, ilianzia kwa wafanyakazi wa reli, na mpaka leo msafiri yeyote wa dini yoyote anakula bure, na vyumba vya kulala pia viko. Unavua viatu, unafunga kichwa kitambaa (viko mlangoni), unanawa. Tulipewa sahani za stili zenye vigawanyo, dengu nzito, mchicha, wali, roti moto zinaletwa na mzee anayezunguka akiuliza "nikuongezee?" na ukikubali umalize, kutupa chakula hapo si adabu. Dereva wa trela alikaa kando yetu, mama na watoto wawili, Wazungu na mikoba yao, wote meza moja chai ya maziwa mkononi. Babu akaniambia miaka ile lori likiharibika porini, unaomba lifti mpaka Makindu kwa sababu unajua hutalala njaa. Hoteli za kulipia njiani zimefunguliwa na kufungwa, jiko hili halijazimika.

Mbele kidogo ni Kiboko, Hunter's Lodge, bwawa la maji ya chemchemi chini ya migunga ya gome la njano, kwera wamejaza viota. Hayo maji ni mvua iliyozama kwenye miamba ya volkeno ya Chyulu, ndo hiyo hiyo inatokea Makindu na kwenye chemchemi za Mzima, na ya Mzima inafika kwenye mabomba ya Mombasa. Mwenye loji alikua J. A. Hunter, ambaye serikali ya kikoloni ilimtuma kusafisha ardhi ya Makueni na kati ya 1944 na 1946 akaua vifaru karibu 1,000. Nlikaa pale kwenye nyasi nikashindwa kufurahia vizuri, sehemu ni nzuri sana na hesabu hiyo ni nzito sana.

Emali, Sultan Hamud, tulipita jua likizama, malori yameshapanga foleni. Kama nyumbani kwenu kuna picha za zamani za vituo hivi, hata moja iliyofifia, msizitupe. Ziskanini, na muandike nyuma waliosimama ni akina nani, wazee wa kuuliza wakiwa bado wapo.